Basi: siku sita Moshi hadi Nairobi kumtafutia Babu shule

Nimerudi Moshi wiki iliyopita. Daftari limelowa chai kurasa tatu na simu ina picha 214, nyingi za vizibo vya soda vilivyopangwa mstari. Naandika kabla sijasahau, maana kabla ya kuondoka nilitafuta sana mtu aliyewahi kupita njia hii na mtoto kama wangu aniambie ukweli wa nauli na foleni, nikaambulia "mwombe Mungu tu kaka". Tuliomba. Nauli haikushuka.

Mwanangu ana miaka sita na nusu. Jina lake nalihifadhi. Nyumbani tunamwita Babu kwa kuwa amerithi jina la marehemu baba yangu. Ana usonji (autism), yaani ubongo wake unapokea sauti, watu na maneno kwa namna tofauti. Tuliambiwa hospitali ya KCMC alipokuwa na miaka mitatu na ushee, baada ya kupimwa masikio kwanza. Mzazi unayeanza, kipimo cha usikivu kitangulie, na karatasi yake itunze, kwani kila atakayemwona mtoto baadaye ataiulizia.

Babu ana maneno kumi na moja. Nimeyahesabu. Yote ya Kiswahili, na moja linatutesa kuliko yale kumi: "basi". Kuna siku anamaanisha basi la abiria, anayapenda kufa. Kuna siku anamaanisha imetosha, acheni. Ukikosea, anapiga kichwa ukutani.

Ukoo mzima ulikuwa na dawa moja: mpeleke nje. Dada yangu anayeishi Uingereza alinifafanulia kwamba kule, kwa sheria ya 2014, halmashauri humpima mtoto, humwandikia mpango wake na hulazimika kuutekeleza. Nikachangamka. Kisha akamalizia: viza ya matembezi haimpi mtoto haki ya kuja kusoma shule ya serikali. Marekani hali ni hiyo hiyo. Wana sheria tangu 1975 inayozibana shule za serikali zimpokee kila mtoto mwenye ulemavu, ila viza ya mwanafunzi haitolewi kwa shule ya msingi ya serikali. Zinabaki shule binafsi, na bei zake niliziona nikafunga simu.

Hivyo "nje" ikasogea mpaka Nairobi. Wakenya walianza vituo vya kupima watoto mwaka 1984, na 1986 wakaanzisha taasisi ya elimu maalumu, KISE, ambayo ipo Kasarani. Kwetu Moshi tulishajaribu shule mbili. Ya kwanza walimrudisha baada ya siku nne. Ya pili alikaa muhula mzima, akikalishwa nyuma karibu na mlango "ili asisumbue". Mke wangu ana mtoto mchanga, kwa hiyo nikaomba likizo, nikaenda mimi.

Siku ya 1, Jumatatu Februari 12: Moshi – Namanga – Nairobi

Tiketi mbili, 50,000 kila moja. Mkatisha tiketi alinishauri nimpakate niokoe hela. Usithubutu. Kama masaa kumi njiani na mtoto asiyependa kushikwa, hiyo 50,000 utaililia ukifika Boma Ng'ombe. Nilichukua siti mbili nyuma ya dereva, Babu dirishani, masikioni amevaa viziba sauti vya mafundi wa kuchana mbao. Nilivinunua duka la vifaa vya ujenzi kwa 18,000. Vile vinavyotangazwa mtandaoni kuwa ni vya watoto wenye usonji vilikuwa mara tano ya bei hiyo na havizibi vizuri zaidi.

Tuliondoka saa 12 asubuhi. KIA, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, trafiki hapa, trafiki pale. Tengeru gari lilisimama kupakia, wauza ndizi wakavamia madirisha. Nikanunua za 1,000, maana Babu hula vitu vyeupe tu: wali, maziwa, mkate uliotolewa ganda, na ndizi iliyomenywa. Kibao cha chuo cha ualimu Patandi kiko hapo. Nilikiona kama ninavyokiona miaka yote.

Arusha tulibadilishiwa gari, tukapoteza dakika arobaini. Baada ya Ngaramtoni mambo yakaharibika. Dereva alifungulia redio, Babu akaanza: "Basi. Basi. Basi." Nikamwambia ndiyo baba, tuko kwenye basi. Kumbe siyo. Alipoanza kugonga kioo kwa paji la uso ndipo nikaelewa, nikamwomba dereva apunguze. Alizima kabisa, na hakuiwasha tena mpaka Nairobi. Mzee mmoja nyuma akasema mtoto huyu amekosa fimbo. Dada aliyekaa jirani yake akamjibu, "Mzee, wewe lala." Sikugeuka kumshukuru, niliona aibu. Dada, kama unasoma, ahsante.

Namanga saa tano kasoro. Mpaka sasa ni jengo moja kwa nchi zote mbili: ukienda Kenya unagongewa mihuri yote upande wa Kenya, ya kutoka na ya kuingia, dirisha kwa dirisha. Nilikuwa na pasipoti zetu (150,000 kila moja, na mtoto halipi nusu), kadi za homa ya manjano, cheti cha kuzaliwa, na barua ya mama yake ya kuridhia safari iliyogongwa muhuri wa wakili. Hiyo barua iliulizwa. Baba peke yake na mtoto anayelia hutazamwa mara mbili, na wana haki.

"Unasafiri na nani?"

"Na Babu," nikajibu kwa mazoea.

Afisa akachungulia nyuma yangu. "Mzee yuko wapi? Asogee hapa nimwone."

Nikamwonyesha sakafuni. Babu alikuwa amelala kifudifudi akizungusha gurudumu la begi la mtu. Yule afisa alicheka hadi akavua miwani, akagonga muhuri, akasema, "Mpitishe mzee, asichoke."

Nje, wakati gari likikaguliwa, akina mama wa Kimaasai walituzunguka na shanga. Babu akakaa chini, akatoa vizibo vyake. Ana kumi na saba, navihesabu kila tukiondoka mahali. Mama mmoja akachuchumaa mbele yake bila kusema kitu. Akatoa shanga kwenye kikopo, akaweka nyekundu mwisho wa mstari wa vizibo. Babu akatulia. Akaweka nyeupe. Babu akasogeza kizibo kimoja kumpisha. Wakaenda hivyo, nyekundu, nyeupe, kizibo, labda dakika kumi, wala hakumtazama machoni hata mara moja. Mimi mwenyewe kujua kwamba hapendi kutazamwa machoni ilinichukua miaka miwili.

Nikamwita "mama" kwa Kimaasai, nikamuuliza, "Yeyo, umejuaje?"

"Ninaye wa kwangu," akasema. "Sasa anachunga. Mbuzi hawaongei."

Nilinunua bangili ya 5,000. Shanga zile za mstari alikataa kulipwa.

Hela badilisha kwenye duka la fedha, si kwa vijana wa barabarani. Shilingi moja ya Kenya ilinitoka kwa kama 17 za kwetu. Laini ya simu ya Kenya nunua hapo hapo, kwani Nairobi kila kitu ni M-Pesa ya kwao.

Kajiado, Isinya, joto na vumbi. Kitengela foleni saa nzima. Mlolongo barabara ya juu kwa juu ikaanza kututembelea kichwani, Babu akaitazama mpaka mwisho. Tuliingia mjini saa kumi. Teksi ya programu ya simu mpaka Kasarani 1,100, chumba 2,300 kwa usiku pamoja na chai (bei za Nairobi zote naziandika kwa shilingi ya Kenya).

Jioni tulikwenda hoteli ya jirani. Niliomba wali mtupu. Ukaja na mchuzi kidogo juu, kama ilivyo desturi ya ukarimu. Babu akausukuma sahani nzima ikaenda chini. Nikainama kuzoa, na mama mpishi akatoka jikoni na mwiko. Nikajua tunafukuzwa. Akasema, "Wacha, wacha. Anataka mweupe, si ndiyo?" Akaleta mwingine, na hakunidai ule wa chini. Siku tano zote tulikula kwake. Siku ya tatu hatukuwa tunaagiza tena, tukionekana mlangoni tu wali unapakuliwa.

Siku ya 2, Jumanne: Kasarani

KISE ni mwendo mfupi kutoka tulipolala. Kazi yao kubwa ni kufundisha walimu wa elimu maalumu, na pia wanapima watoto. Nilikuwa nimepiga simu wiki mbili kabla.

Nilitegemea maswali na fomu. Fomu zilikuwepo, ila kwanza walimweka Babu kwenye chumba chenye meza fupi, mipira, mbao za kupanga, wakaniambia nikae pembeni nisiseme. Hilo lilikuwa gumu kuliko safari. Mdomo wangu umezoea kumtafsiria. Mara tatu niliuziba kwa kiganja.

Kisha mama mmoja mtaalamu akaniuliza: "Asubuhi anaombaje chai?"

Nikajibu haombi, tunampa. Akauliza tena, nani anampa. Mama yake. Basi mpigie mama yake. Nikapiga. Mke wangu akashangaa swali lenyewe: "Si ananishika mkono ananipeleka kwenye chupa? Anauweka juu ya mfuniko." Miaka yote hiyo nakaa meza ile ile nasoma simu.

Yule mama akaandika mstari mrefu kwenye karatasi yake.

Mapendekezo yalikuwa manne: darasa dogo, picha za kumsaidia kuomba, tiba kwa vitendo (mazoezi ya kumzoesha mtoto shughuli za kila siku) mara moja kwa wiki, na kumfundisha kwa lugha anayoisikia nyumbani. Hilo la tiba lilinichekesha kwa uchungu. Chuo cha kwanza cha fani hiyo Tanzania kiko KCMC, kilomita chache kutoka kwangu, na Babu alihudhuria mara tano, kisha tukaacha kwa sababu mimi nilisema hatuoni mabadiliko.

Jambo la kujua: hata ukija na ripoti ya kwenu, shule za kule huenda zikaulizia ya upimaji wa Kenya kabla ya kumpa mtoto nafasi. Anza na kupima, shule baadaye. Na ripoti za nyumbani zichapishe. Mimi nilikuwa na picha kwenye simu, ikanibidi nitafute steshenari huku Babu akinivuta mkono kila basi lilipopita.

Siku ya 3, Jumatano: shule ya basi la njano

Shule binafsi, sitaitaja. Bustani nzuri, bwawa, ukuta wenye michoro ya wanyama. Ada 285,000 kwa muhula, hiyo ni milioni 4.8 na zaidi ya kwetu, mihula mitatu kwa mwaka. Ukiacha ada, mzazi anamlipa mwenyewe msaidizi wa kukaa na mtoto darasani, 35,000 kila mwezi. Ukiacha hiyo, 10,000 ya "kumfanyia tathmini", hairudishwi. Nililipa, nikijiambia nimetoka mbali.

Mkuu wa shule alikuwa mtu mwema na sina sababu ya kusema vinginevyo. Aliniuliza Babu anaelewa Kiingereza kiasi gani. Nikasema nyumbani ni Kiswahili, kwa bibi yake Kichagga. Akasema watoto hushika upesi.

Tathmini ilikuwa chumba kimoja, walimu wawili, taa nyeupe ya kulia zzz. Baada ya robo saa Babu akasema, "Basi."

Mkuu alifurahi sana! Akamwitikia kwa Kiingereza kwamba ndiyo, basi, hodari, akamnyooshea kidole basi la shule, la njano, lililoegeshwa nje ya dirisha. Babu hakutazama dirishani. "Basi," akarudia, sauti juu zaidi. Akaonyeshwa basi tena. Mwalimu mmoja akaleta na kitabu chenye picha ya basi. Nikasema, samahani, anamaanisha imetosha, lakini nilisema kwa Kiswahili, haraka, nikiwa nimeshasimama kwa sababu nilijua kinachofuata, na kilifuata. Kwenye kioo cha kabati, mara mbili. Hakikuvunjika.

Dereva wa teksi aliyetuchukua pale aliona uvimbe kwenye paji la uso, hakuuliza. Alifunga vioo, akazima redio, akaendesha taratibu. Karibu na Roysambu ndipo aliposema: "Mkubwa, dadangu ana mmoja wa hivi. Yuko shule ya serikali, wana kitengo. Nikupatie namba ya mwalimu?"

(Matatu zenye muziki msipande na watoto hawa. Tulipanda moja Jumanne, vituo viwili. Teksi zilinila kama 9,000 kwa siku tano na sijutii hata moja.)

Siku ya 4, Alhamisi: bweni

Upande wa Kiambu, saa moja na nusu kutoka Kasarani. Shule ya bweni ya watoto wenye mahitaji maalumu, 65,000 kwa muhula, chakula na malazi humo. Pasafi. Walezi wapole. Bweni la wadogo lina vitanda 22, mablanketi ya bluu, na kitasa cha mlango kiko upande wa nje.

Siwezi kujifanya. Kwa dakika kama kumi nilipiga hesabu. Milioni moja na laki kwa muhula tungeiweza tukiuza kiwanja cha Himo. Nikafikiria usiku, kwamba mke wangu angelala. Kwamba mimi ningelala. Hakuna mzazi wa mtoto asiyelala ambaye hajawahi kupiga hesabu hizi.

Nikiwa nimesimama uani, mvulana wa miaka minane hivi alikuja akanishika kidole. Akanivuta. Nikamfuata nikidhani ananionyesha kitu. Tulivuka uwanja, tukapita jikoni, tukafika getini. Pale akasimama, akauchukua mkono wangu wote kwa mikono yake miwili, akauweka juu ya komeo.

Mlezi alikuja akamwondoa taratibu, wala hakumkaripia. "Kwao ni mbali," akaniambia. "Ni Mtanzania, kama nyinyi."

Tukarudi mjini. Mchana uliobaki sikuandika chochote.

Siku ya 5, Ijumaa: kitengo

Shule ya msingi ya serikali, watoto mamia uwanjani, na pembeni chumba kimoja chenye mlango wa kijani. Ndani watoto kumi na mmoja, walimu wawili, na mama mmoja akikoroga uji, maana wazazi wanapokezana zamu. Ada hakuna, ila mzazi anachangia 3,000 kwa mwezi ya uji na ya msaidizi.

Mwalimu mkubwa, mama wa makamo mwenye viatu vya mpira, hakunisalimia mimi kwanza. Alikaa sakafuni karibu na Babu, ubavu kwa ubavu, wote wakitazama ukuta. Mimi niliachwa nimesimama na ripoti yangu mkononi.

Ukutani kulikuwa na ukanda mrefu wa kitambaa, na juu yake picha ndogo za kubandika na kubandua kwa zile nata za viatu vya watoto: kikombe cha uji, choo, mpira, kiatu, basi la kwenda nyumbani. Kila mtoto akimaliza jambo anabandua picha yake, anaitia kwenye kopo.

Dirishani kulikuwa na redio ndogo inaimba chini chini. Baada ya muda: "Basi."

Nikafungua mdomo. Mwalimu akaninyooshea kiganja, subiri. Akatoa picha mbili kwenye kopo, akaziweka sakafuni mbele ya Babu. Moja ya basi. Nyingine ya mkono uliokunjuliwa, kiganja mbele, vile anavyosimamisha trafiki. Akanyamaza. Babu alizitazama muda mrefu, hata mtoto mmoja akapita akaikanyaga ya basi. Kisha akachukua ya mkono, akaiangalia nyuma kama kuna kitu kimeandikwa, akampa mwalimu.

Mwalimu aliinuka palepale akazima redio.

Babu alikaa sakafuni pale saa moja na nusu. Alitumia picha ile mara nne. Mara ya tatu nina hakika alikuwa anajaribu tu kama inafanya kazi.

Wakati wa uji nikauliza kuhusu nafasi. Ipo foleni, akasema, labda muhula wa pili, mwezi wa tano. "Lakini Baba Babu, hapa ni kutwa. Nani ataishi naye Nairobi?" Nilikuwa nimeshaulizia, chumba cha kawaida Kasarani ni kama 12,000 kwa mwezi. Mtu wa kukaa humo sikuwa naye.

"Ana maneno mangapi?"

"Kumi na moja."

"Yote Kiswahili?"

"Yote."

"Mimi nitamfundisha kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho kinachotupatanisha humu ndani. Mwalimu atakayenifuata sijui. Atataka Kiingereza, na huko nje wenzake wanaongea sheng." Akakoroga uji wake. "Na nyinyi si mna chuo cha walimu wetu hawa huko Arusha? Patandi?"

"Kiko Tengeru. Tulisimama hapo Jumatatu."

"Ukaingia?"

"Nilinunua ndizi."

Alicheka, mama wa uji naye akacheka. Kisha akaandika jina la Babu kwenye daftari lake, namba nne kwenye foleni. "Sikufukuzi. Lakini wakati unangoja, kaulize pale wanafunzi wao wakimaliza wanapelekwa shule gani. Mfuate mwalimu. Jengo halimfundishi mtu."

Aliniazima picha 36 nikazitoe nakala steshenari ya nje ya geti. Kutoa nakala na kuzifunika plastiki, 50 kila moja, jumla 1,800. Kwa wiki nzima hakuna hela niliyoitoa kwa moyo mweupe kama hiyo.

Siku ya 6, Jumamosi: kurudi kwa treni

Tungeweza kurudi Namanga. Nikaamua Babu apande treni, ile ya asubuhi inayosimama stesheni za njiani, tushukie Voi tuingilie Taveta na Holili. Watoto wa miaka 3 hadi 11 wanalipa nusu. Tiketi kata mapema, na fika stesheni kuu, Nairobi Terminus iliyoko Syokimau, saa nzima kabla, kwa sababu ya ukaguzi.

Ukaguzi wenyewe: abiria wote wanaweka mabegi chini, mstari mmoja mrefu, wanasogea nyuma, mbwa wa polisi anapita kunusa. Mabegi labda sitini. Babu aliuona mstari ule akaniponyoka. Akaanza kuunyoosha. Begi hili ndani kidogo, lile nje kidogo, mikanda yote ielekee upande mmoja. Nikakimbia kumshika. Askari mwenye mbwa akaniambia, "Wacha amalize." Na watu sitini tukangoja. Alipofika mwisho akarudi akanishika mkono. Mbwa ndipo akapita. Nina picha ya mstari huo, na hata fundi wa tofali angeuheshimu.

Treni ilikuwa tulivu kuliko chombo chochote tulichopanda wiki ile. Mtito Andei, kisha Voi mchana. Kuanzia hapo ni matatu ya watu kumi na wanne, lami nzuri, Mwatate, Bura, Maktau, tembo wekundu wa Tsavo kando ya barabara, na reli kuukuu waliyoijenga Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ikikatiza vichakani. Taveta mpakani hapakuwa na foleni. Holili tukapanda daladala ya Himo, Mlima ukiwa wazi mpaka kileleni.

Hesabu kwa shilingi za kwetu, kwa anayepanga: nauli za kwenda na kurudi kama 195,000, malazi usiku tano 195,500, teksi 153,000, chakula laki moja, ile tathmini ya hasara 170,000, picha 30,600. Ukijumlisha na vitu vidogo ambavyo sikuviandika, weka jumla 900,000. Pasipoti mbali. Kama safari ni ya Afrika Mashariki peke yake, ulizia uhamiaji hati ya dharura ya safari, bei yake ni ndogo kuliko pasipoti. Nimeshapiga simu Patandi, Alhamisi hii naenda, na namba nne Nairobi sijaifuta. Tiba kwa vitendo KCMC tumeanza tena Jumanne.

Tuliingia nyumbani saa moja usiku. Mama yangu alikuwa ameshafika kutoka Marangu na nusu ya jumuiya. Mke wangu akaniuliza kwa macho tu, umepata? Nikafungua begi nimwonyeshe zile picha, lakini bibi yake alishamnyakua Babu, amemkumbatia, anamwimbia pambio la shukrani kwa sauti ya kwaya nzima, wageni wanapiga makofi.

"Basi," Babu akasema.

"Ndiyo, mjukuu wangu, umepanda basi!" Bibi akaongeza sauti.

Babu akajichomoa. Akaja kwenye begi, akapekua, akamwaga choo na kiatu na mpira sakafuni, akaipata. Akarudi nayo, akaiweka kwenye kiganja cha bibi yake.

Mama akaigeuza kwenye mwanga. "Hii nini?"

"Anakuomba unyamaze, Mama," nikamwambia.

Akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaketi.

"Si angesema," akasema, kwa kunong'ona.